Jioni Jangwani Dubai: Mwongozo Kamili wa Safari ya Matuta ya Mchanga na Chakula cha Kambini

Kila siku, kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi alasiri, magari aina ya Land Cruiser huzunguka hoteli za Deira, Bur Dubai na Marina yakikusanya wageni wanaokwenda jangwani kulitazama jua likitua. Miongoni mwao wamo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh waliokwisha kufunga mizigo yao, wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wanaofanya kazi huko, na abiria wenye siku moja ya kusubiri ndege ya kurudi Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe. Safari yenyewe huchukua takriban saa sita, na mpangilio wake hufanana karibu kwa kampuni zote: mwendo wa lami, kupanda na kushuka matuta ya mchanga kwa gari, kusimama kutazama machweo, kisha kambi yenye ngamia, hina, nyama choma na ngoma. Hata hivyo watu wawili waliolipia safari ya namna hiyo jioni moja huweza kurudi na habari zisizofanana kabisa, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya tofauti hiyo huwa imekwisha kuamuliwa kabla gari halijafika hotelini, katika maswali yaliyoulizwa au yaliyoachwa siku ya kulipa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye maandalizi.

Hatua ya kwanza: chagua majira na siku

Majira mazuri ni kuanzia Novemba hadi Machi, wakati joto la mchana linapokuwa la kuvumilika. Katika miezi ya Desemba na Januari usiku wa jangwani huwa na baridi ambayo mgeni kutoka Mombasa au Tanga haitarajii, kwani halijoto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10, na kambi nyingi ziko wazi bila kuta. Kuanzia Juni hadi Septemba mambo hugeuka: joto la mchana hupita nyuzi 40 na mchanga huendelea kutoa moto hata baada ya jua kuzama. Safari huuzwa mwaka mzima, lakini katika miezi hiyo sishauri kumpeleka mzee wala mtoto mdogo.

Jua hutua mapema mnamo Desemba, yapata saa kumi na moja na nusu jioni, na mwishoni mwa Juni huchelewa hadi saa moja na dakika kumi hivi usiku, kwa hiyo saa ya kuchukuliwa nayo hubadilika kufuatana na majira. Tangu Januari 2022 mapumziko rasmi ya wiki katika ofisi za serikali za Falme za Kiarabu huanza Ijumaa mchana na kuendelea Jumamosi na Jumapili. Siku hizo matuta hujaa magari ya wenyeji pamoja na ya watalii, na foleni ya chakula huwa ndefu. Anayeweza kuchagua, achague Jumatatu hadi Alhamisi. Katika mwezi wa Ramadhani safari huendelea, ila muziki na ngoma hupunguzwa au kuondolewa kabisa, na chakula hupangwa kufuatana na futari. Wapo wanaoipenda jioni hiyo tulivu kuliko nyingine zote.

Hatua ya pili: jua unapelekwa jangwa lipi

Matangazo mengi husema tu “jangwani”, ilhali mahali hutofautiana sana. Safari nyingi za bei ya kawaida hupelekwa Lahbab, kwenye barabara ya E44 iendayo Hatta, ambayo ndiyo ile ile wanayoifahamu wafanyabiashara wetu kwa kuwa hupitia Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za Kichina. Mchanga wa Lahbab ni mwekundu kwa sababu chembe zake zimefunikwa na oksidi ya chuma, na rangi hiyo hukolea zaidi jua linapoinama. Mbele kidogo, upande wa Sharjah, kuna Al Badayer na tuta lake kubwa maarufu ambalo madereva wa magari binafsi hupenda kulipanda. Pana msisimko, lakini pia pana msongamano na kelele.

Chaguo la tatu ni Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, eneo lenye kilomita za mraba 225, sawa na karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya Dubai. Kampuni chache tu ndizo zenye ruhusa ya kuingiza wageni humo, magari hufuata njia zilizopangwa, na lengo kubwa ni kuwaona wanyama. Humo huishi choroa wa Arabuni, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, ambaye alitoweka porini mwaka 1972 na kurejeshwa baadaye kutokana na wale waliokuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama. Utaona pia swala, na miti ya ghaf, ambayo ndiyo mti wa taifa wa Falme za Kiarabu na ambayo mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji. Bei ya hifadhini ni kubwa zaidi. Ukiwa na wazazi au watoto, nakushauri ulipe tofauti hiyo bila kusitasita.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat, jangwa la karibu ni lile la Sharqiya, ambalo wengi bado huliita Wahiba, umbali wa takriban kilomita 200 kutoka mjini. Huko desturi ni kulala kambini badala ya kurudi usiku ule ule, na kwa jamaa wengi wa Oman wenye asili ya Zanzibar, ambao koo zao zilitoka Ibra na vijiji vya jirani, ni safari inayoweza kuunganishwa na kuwatembelea wazee. Mengi ya yaliyomo hapa kuhusu gari, mchanga na ngamia yanafaa huko pia.

Hatua ya tatu: uliza kabla hujalipa

Safari za gari la pamoja huuzwa kwa bei zinazopishana mno, kuanzia dirhamu zisizofika 100 hadi zaidi ya 300 kwa mtu mmoja, na gari la binafsi hugharimu zaidi ya hapo. Kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, ni rahisi kufanya hesabu. Bei ya chini sana si lazima iwe ya udanganyifu, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba fedha zitatafutwa njiani: kwenye pikipiki za magurudumu manne, kwenye picha na kipanga, kwenye kilemba unachofungwa kichwani kisha ukadaiwa, na kwenye viti vya mbele kambini.

Swali la kwanza liwe la leseni. Kampuni za utalii Dubai hupewa kibali na Idara ya Uchumi na Utalii, na kampuni halali haioni ubaya kukutumia nakala ya leseni yake. Swali la pili ni la gari: ni la mwaka gani, lina fremu ya vyuma ya kulinda abiria ndani likipinduka, na kila kiti kina mkanda unaofunga? Swali la tatu ni idadi ya abiria. Land Cruiser ya pamoja kwa kawaida hubeba sita, na wanaokaa safu ya nyuma kabisa, juu ya ekseli, hurushwa zaidi kuliko wengine. Omba safu ya katikati siku ya kulipa, si siku ya safari.

Kisha uliza dakika. Maneno “safari ya matuta imo” huweza kumaanisha dakika kumi na tano au arobaini. Uliza vilevile kama pikipiki imo katika bei au ni ya kulipia huko, na kama imo, ni kwa muda gani na inaendeshwa wapi, kwa sababu kuzungushwa ndani ya uzio mdogo nyuma ya kambi ni jambo moja, na kuongozwa kwenye matuta ni jambo jingine. Mwisho uliza kuhusu kambi: je, pana vyoo vyenye maji, pana mahali pa kuswalia, chakula cha asiyekula nyama kipo, na pombe huuzwa au haiuzwi? Familia nyingi za Kiislamu hupendelea kambi isiyouza pombe, na zipo, ila lazima uulize.

Majibu yote yawe kwa maandishi katika ujumbe wa simu, pamoja na mahali pa kuchukuliwa, sharti la kughairi na jumla ya malipo. Dalali anayekusimamisha barabarani huko Naif au Baniyas anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini yeye siye atakayeendesha gari. Mwombe jina la kampuni yenyewe na uipigie simu. Zingatia pia saa: Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na wakikuandikia 3:00 PM wanamaanisha saa tisa alasiri. Kama una ndege usiku huo huo, usiweke safari hii isipokuwa ndege inaondoka baada ya saa nane usiku, kwani kurudi mjini huweza kuchelewa hadi saa nne.

Hatua ya nne: pima afya yako kwa ukweli

Kupanda matuta kwa gari hutikisa uti wa mgongo na shingo kwa nguvu, na gari huinama mbele, nyuma na ubavuni kwa zamu zisizotabirika. Mjamzito asipande, katika mwezi wowote wa mimba. Vivyo hivyo mwenye maradhi ya moyo, mwenye tatizo la diski za mgongo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mtoto mchanga. Haya si maneno ya kujikinga ya makampuni. Mgongo ulioumia kwa mrusho mmoja huweza kumsumbua mtu miaka. Asiyeweza kupanda hana haja ya kubaki hotelini, kwani kampuni nyingi hukubali kumpeleka moja kwa moja kambini kwa njia ya kawaida, mradi waambiwe mapema.

Kichefuchefu ndiyo shida ya wengi. Kula mlo mwepesi muda wa saa tatu kabla ya safari, usiende na njaa kabisa, na uepuke vyakula vya mafuta mengi. Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya safari, si baada ya tumbo kuchafuka, na baadhi yake huleta usingizi. Muulize mfamasia, hasa kama unatumia dawa nyingine. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Ndani ya gari tazama mbali mbele kwenye upeo, weka simu mfukoni, na ukihisi mate yanajaa mdomoni mwambie dereva mara moja.

Hatua ya tano: mavazi na begi

Vaa suruali nyepesi au vazi pana lisiloburuta, na viatu vinavyovuliwa kwa urahisi, kwa kuwa mchanga huingia katika kila kitu na wengi huishia kutembea pekupeku. Wakati wa baridi beba sweta au koti. Baibui na ushungi havina tatizo lolote ndani ya gari wala kambini, lakini kwenye pikipiki ya magurudumu manne nguo inayoning'inia ni hatari ya kweli, maana huweza kunaswa na gurudumu au mnyororo. Anayetaka kuendesha avae suruali ndani, akunje baibui na kulifunga vizuri, na achomeke ncha za ushungi. Anayevaa lenzi za macho abadilishe na kuvaa miwani siku hiyo. Beba maji, dawa zako, mtandio wa kuziba pua upepo ukivuma, mfuko wa plastiki unaofunga kwa ajili ya simu, na noti ndogo za dirhamu. Dhahabu na pasipoti asili viache kwenye sefu ya hoteli. Picha ya pasipoti kwenye simu inatosha. Droni usibebe, kwani kuirusha bila kibali ni kosa kisheria.

Hatua ya sita: mchanga, gari na dereva

Baada ya takriban saa moja ya lami gari husimama pembeni, na dereva huanza kupunguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hivi hadi karibu na psi 15. Itazame kazi hii, kwani ndiyo inayoeleza mengine yote. Tairi lililopunguzwa upepo hutandaa, na alama yake juu ya mchanga hurefuka, hivyo uzito wa gari wa zaidi ya tani mbili husambaa na gurudumu huelea badala ya kuchimba. Hasara yake ni kwamba kona kali huweza kulitoa tairi kwenye rimu, na ndiyo maana dereva mzuri hapindi kwa ghafla hata akionekana kucheza.

Tuta la mchanga lina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo una mteremko wa taratibu na mchanga ulioshindiliwa. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika, ni laini na mkali, hadi karibu nyuzi 34 za mwinamo, ambazo ndizo kikomo ambacho mchanga mkavu unaweza kusimama bila kuporomoka. Dereva hupanda kwa kasi ya kutosha, hupunguza anapokaribia ukingo ambao haoni upande wake wa pili, kisha huteremka akiwa amenyooka moja kwa moja. Kushuka huko ndiko kunakowafanya watu wapige kelele, lakini gari lililonyooka liko salama kuliko linavyoonekana. Hatari ya kupinduka huwa kubwa zaidi gari linapokatiza mteremko kwa ubavu.

Funga mkanda, shika mpini wa juu ya dirisha, keti mgongo ukigusa kiti, na usinyooshe mkono nje. Kabla ya kuondoka mwambie dereva wazi ni kiasi gani cha msukosuko mnachokitaka. Madereva wengi huamini kwamba kila mgeni anataka kurushwa, na huongeza kasi wakisikia kelele, wasijue ni za furaha au za hofu. Una haki kamili ya kusema apunguze, hata kama wenzako watano wanataka zaidi, na dereva anayekataa kupunguza baada ya kuombwa ashtakiwe kwa kampuni jioni hiyo hiyo. Magari huenda kwa msafara ili likizama moja jingine livute. Kukwama ni jambo la kawaida na hakuhitaji wasiwasi. Kuhusu kukodi gari mjini na kujaribu mwenyewe, usifanye hivyo: bima za magari ya kukodi kwa kawaida hazigusi kabisa uharibifu uliotokea nje ya barabara, na asiye mzoefu peke yake kwenye mchanga huweza kupotea akiwa kilomita chache tu kutoka lami.

Hatua ya saba: machweo, pikipiki na ngamia

Gari husimama kwenye tuta refu kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Piga picha mapema jua likiwa ubavuni mwako, wakati mwanga wa pembeni unapochora mikunjo ya mchanga, halafu iweke simu na utazame. Nasema hivi kwa moyo wote, maana hiki ndicho kipande cha safari kisichoweza kununuliwa mahali pengine, na ndicho ambacho wengi hukimaliza wakipanga foleni ya kupigwa picha na kipanga.

Pikipiki ya magurudumu manne huonekana kama mchezo, ila ndiyo chombo chenye hatari kubwa jioni hiyo. Ina uzito wa kilo 200 au zaidi, na ikipinduka humwangukia mwendeshaji. Vaa kofia ngumu iliyokaza, jifunze kwanza kufunga breki kabla ya kubonyeza mafuta, ambayo hubonyezwa kwa kidole gumba, na usikatize mteremko kwa ubavu wala kuruka ukingo usioona nyuma yake. Usimpakie mtoto mbele yako. Patana bei na muda kabla ya kupanda, na ukague chombo kwa kukipiga picha ili usije ukadaiwa mkwaruzo wa zamani.

Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo mpandaji husukumwa mbele ghafla. Egemea nyuma na ushike mpini kwa mikono miwili. Anapoketi hukunja miguu ya mbele kwanza, na hapo pia egemea nyuma. Nawa mikono baada ya kumgusa na usinywe maziwa yake yasiyochemshwa, kwa sababu ngamia hubeba virusi vya MERS, ugonjwa wa mapafu uliotambuliwa mwaka 2012. Usiache mfuko wala kifuniko cha chupa mchangani: ngamia humeza plastiki, hujikusanya tumboni na huwaua polepole kwa njaa.

Hatua ya nane: kambini

Wageni hupokewa kwa kahawa na tende. Kahawa ya Ghuba si nyeusi kama ile ya dele la barazani Lamu au Unguja. Buni yake hukaangwa kidogo tu, rangi yake ni ya dhahabu, na hunukia iliki na mara nyingine zafarani. Pokea finjani kwa mkono wa kulia. Humiminwa kidogo kidogo na kuongezwa kila unapomaliza, na ukitosheka tikisa finjani tupu kidogo unapoirudisha. Desturi hii ya ukarimu iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2015 kwa jina la nchi nne: Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia na Qatar.

Magharibi huingia karibu na wakati wa kufika, hivyo anayeswali aulizie mahali pa kuswalia mara tu anaposhuka, kabla ya foleni za chooni. Kwenye meza ya hina kubali rangi ya kahawia tu. Wino mweusi unaokolea papo hapo ni jamii ya piko tuliyoizoea pwani, na mara nyingi una kemikali ya PPD ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.

Chakula hupakuliwa kwa kujihudumia: mishikaki, kuku wa kuchoma, wali wa biriani, hamusi, saladi, mkate na matunda. Nyama huwa halali, lakini uliza kama una shaka. Chukua kwanza vilivyotoka motoni sasa hivi, na uwe mwangalifu na saladi na michuzi ya maziwa iliyokaa nje muda mrefu katika miezi ya joto. Ngoma zinazoonyeshwa mara nyingi ni tanura, ngoma ya kuzunguka kwa sketi pana yenye asili ya Misri, pamoja na mchezo wa moto. Ngoma ya wenyeji hasa ni ayyala, ambayo wanaume husimama safu mbili wakielekeana na fimbo mikononi, na kambi inayoileta inastahili kusifiwa. Uliza kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, hasa mwanamke.

Hatua ya tisa: kurudi

Kabla ya kuingia lami dereva atajaza tena matairi kwa kompresa. Kama hakufanya hivyo kambini au njiani, muulize, kwani tairi laini kwenye mwendo wa barabara kuu hupata moto na huweza kupasuka. Bakshishi si lazima, ila dereva aliyewasikiliza anastahili. Kagua chini ya viti kwa tochi ya simu, maana vitu vilivyorushwa matutani hujificha kwenye reli za viti, na ukigundua baadaye kwamba umeacha kitu, namba ya gari, kama uliipiga picha mchana, ndiyo itakayokusaidia zaidi kuliko jina la dereva. Kwa dharura yoyote, polisi hupatikana kwa namba 999 na gari la wagonjwa kwa 998. Maumivu ya shingo au mgongo yakitokea asubuhi yake, muone daktari kabla ya kupanda ndege, na uhifadhi risiti zote kwa ajili ya bima.